Toleo la Kwanza la Pango la Chumvi

Machi 3

Mvua imeanza leo mchana, mapema kuliko tulivyojipanga, na mashuka ya hoteli yalikuwa bado kambani. Tumeyaanua mbiombio mimi na Mama Pasi, tukayasokomeza ndani yakiwa mabichi. Mama Pasi ndiye mpiga pasi wetu hapa kwenye duka langu la dobi. Ameshika pasi miaka mingi mpaka jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho tu.

Msimu huu nitaandika kidogo kidogo nikiwa nasubiri mashine ya kukaushia. Nikikaa bure mbele yake nawaza mambo yasiyo na faida.

Machi 5

Mkutubi wa maktaba kuu alikuja kuchukua suti ya mumewe, akaomba abandike tangazo mlangoni. Maonyesho ya michezo ya kompyuta ya enzi za disketi, iliyotengenezwa na watu wa hapahapa. Nikamwambia marehemu kaka yangu alitengeneza mmoja.

"Upi?"

"Pango la Chumvi."

Akaweka mwavuli chini. Alikuwa ameucheza akiwa mwanafunzi. Akaanza kumweleza Mama Pasi: mchimbaji mwenye taa kichwani, anashuka ngazi hadi ngazi, na mwanga unapungua jinsi anavyozidi kwenda chini. Siku hizo sehemu ya kwanza ya mchezo ilitolewa bure, watu wananakiliana disketi kwa disketi, na aliyenogewa alituma hela kwa posta akaletewa sehemu zilizobaki.

"Nautaka," mkutubi akaniambia. "Ila nataka toleo la kwanza, kama lilivyotoka mikononi mwake. Mchezo ambao haujachezewa."

Mama Pasi akainua pasi. "Mchezo haujachezewa, sasa ulikuwa mchezo wa nini?"

Tukacheka wote watatu. Nimecheka leo kwa sababu ya kaka, jambo ambalo sikumbuki lilitokea lini mara ya mwisho.

Machi 6

Nimemwambia mama. Alizima televisheni, na mama hazimi televisheni hata kwa mgeni.

Akaanza kunisimulia kama vile mimi sikuwepo. Jinsi kaka alivyorudi kutoka hospitali katikati ya yale matibabu ya figo, akamwita baba chumbani. Jinsi baba, ambaye aliiita kompyuta ya kaka sanduku la uvivu, alivyovuta kiti akakaa. Kwenye skrini kulikuwa na mdomo wa pango, fremu ya mawe, na ndani ya fremu maneno "Umetengenezwa na", kisha jina la kaka. Herufi mbili za mwisho zilikuwa zimetokeza nje ya mawe. Baba akasema huyu mtoto hata jina lake halikai ndani. Ukawa utani wa nyumbani. Baada ya hapo baba alimwambia kila mtu: kazini, kinyozi, mtu wa mita ya maji.

"Watamweka ukutani?" mama akauliza.

"Mezani, mama. Kwenye kompyuta. Watu watacheza."

"Na jina litaonekana?"

"Ndilo la kwanza kuonekana."

Akanipa disketi ya kaka. Huwa anaihifadhi kwenye kopo la vifungo.

Machi 9

Mvua. Mashuka yananuka uvundo. Hoteli wamelalamika.

Machi 12

Nimeangalia nakala zilizopo mtandaoni. Afadhali nisingeangalia. Moja imewekwa taa isiyozimika kabisa, kwa hiyo hakuna tena mchezo, kuna matembezi. Nyingine imetiwa muziki wa kelele. Nyingine imefutwa ule ukurasa wa kumwomba mchezaji atume hela, na mahali pa jina mtu amejiandika lakabu ya kihuni. Ndugu yangu amepita mikononi mwa watu kama nguo ya mtumba, kila mmoja kakata na kushona anavyotaka.

Bahati nzuri tuna disketi yake mwenyewe. Nimempelekea mkutubi.

Machi 17

Mkutubi amenipigia. Anaongea kwa uangalifu, kama daktari. Disketi imesomeka, lakini si toleo la kwanza. Jina lile lililotokeza nje ya fremu linaonyesha kuna mtu alilibandika juu ya kitu kingine. Amemuuliza mshauri wao wa maonyesho, naye akajibu kwa ufupi: hiyo si yenyewe, msiiweke.

Nikauliza mshauri ni nani. Nilipoambiwa, nilikaa juu ya rundo la mashuka.

Ni Miwani.

Machi 18

Niandike Miwani ni nani, maana jana nilikuwa na hasira. Alikuwa rafiki wa kaka. Walikuwa chanda na pete. Alikula kwetu, alilala kwetu, mama alimfulia. Mwaka ule kaka alipozidiwa akaacha kuja. Siku ya msiba alisimama getini kama mpita njia, hakuingia hata kumpa mama mkono, akageuka akaenda zake. Sasa anafundisha kompyuta chuoni na watu wanamwita mwalimu.

Na huyo ndiye anayeamua kaka yangu asiwekwe.

Machi 20

Nimemfuata chuoni. Ofisi yake ina dirisha lisilofunga vizuri, amelizibia kwa gazeti. Amenenepa. Miwani ni ileile, mikubwa.

"Karibu, dada," akasema, kana kwamba nimekuja kuulizia ada.

"Umewaambia maktaba mchezo wa kaka usiwekwe."

"Waliniuliza kama disketi ile ni toleo la kwanza. Nikasema sio."

"Kama ile sio, lililo lenyewe liko wapi?"

"Sijui. Nilikuwa nazo disketi chache. Maji yaliingia nyumbani kwetu mwaka mmoja, zikaharibika."

"Siku ya msiba hukuingia ndani."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Bila miwani ana uso wa mtu aliyeamshwa. "Sikuingia," akasema.

"Na leo unataka kumfuta kabisa."

Nilitaka agombe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi njia nzima. Akavaa miwani yake, akasema polepole, "Mwache apumzike, dada. Usitafute."

Nimetoka bila kuaga. Kuniambia nisitafute ni kama kumwagia moto mafuta. Nimempigia mkutubi nikamwambia mshauri wao ana wivu, alikuwa nao tangu ujana, na kwamba mimi nitampatia hilo toleo la kwanza hata kama limezikwa.

Machi 24

Fundi redio wa mtaa wa nyuma: hana.

Machi 27

Mwanamume mmoja anayekusanya kompyuta za zamani amenionyesha chumba kizima cha mashine. Anazipangusa kama vikombe vya harusi. Pango la Chumvi analo, lakini ni lile lenye jina lililotokeza nje. "Karibu yote yaliyozunguka hapa ni haya," akasema. "Yametoka kwenye disketi moja." Akanielekeza kwa muuza disketi aliyekuwa na kibanda karibu na posta. Alikuwa akipokea michezo kutoka kwa watengenezaji wenyewe na kuweka nakala ya kwanza ya kila mmoja pembeni, haiuzi. Mtu mwenyewe amefariki. Mke wake yupo, lakini huyu mkusanyaji hajui mama huyo alihamia wapi.

Machi 30

Mashine ya kukaushia imeharibika. Nguo za watu zimejaa mpaka juu ya kabati. Mama Pasi anakausha soksi kwa pasi, moja moja, akiita kila moja "mteja".

Aprili 2

Mama anauliza kila jioni. "Limepatikana?" Amemwambia dada yake, na majirani wa pande zote mbili. Leo nimekuta ametoa ile blauzi yake nzuri anipe nikaifue kwa ajili ya siku ya maonyesho.

Aprili 8

Mvua tangu alfajiri. Fundi wa mashine hajaja. Nimemwona Miwani barabarani, amesimama chini ya kibaraza cha duka, amekumbatia mkoba usilowe. Alinyanyua mkono kunisalimia. Nilijifanya natazama matairi ya lori.

Aprili 11

Nimempata mjane.

Anaishi ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ngazi zina harufu ya rangi na misumari. Nilimwamkia, nikajitambulisha, akanikalisha kwenye kiti pekee kisicho chini ya tundu la paa. Ndoo tatu sakafuni, kila moja inapiga mlio wake.

"Watoto wananiambia nitupe," akasema akivuta maboksi kutoka chini ya kitanda. "Nawaambia nitupe nini, hii ndiyo sauti ya baba yenu. Alikuwa anashinda anaongea na hivi vidude kuliko na mimi."

Tulizichambua pamoja. Boksi la kwanza lilikuwa limelowa, disketi zimegandana. La pili zimeota ukungu mweupe, nikitelezesha pembeni kile kibati cha disketi naona madoa kama ya ngozi. Alikuwa mtu wa mpangilio, kila moja ameandika jina la mchezo na maneno "ya kwanza, isiguswe", na kile kidude cha kuzuia kuandikwa juu yake amekifunga. Katika boksi la tatu niliona mwandiko wake: Pango la Chumvi.

Niliishika kwa mikono miwili. Mjane akanitazama.

"Huu mchezo naukumbuka," akasema. "Aliuleta kijana mmoja mrefu, ana miwani mikubwa. Mume wangu alimpenda. Alikuwa haongei, ila ukimuuliza mchezo wake, hanyamazi."

"Walikuwa wawili," nikamwambia. "Huyo alikuwa anamsindikiza kaka yangu."

"Labda," akasema mjane. Ni mtu mstaarabu.

Aprili 13

Ninaandika nikiwa dukani, nimefunga mlango. Mama Pasi nimemruhusu aende.

Asubuhi nilikwenda maktaba. Mkutubi alikuwa ameshasafisha disketi kwa pamba na spiriti, akanionyesha jinsi ya kuiwasha kwenye ile mashine ya zamani, akaitwa mapokezi. Nikabaki peke yangu chumbani.

Ilinguruma muda mrefu. Kisha ukaja mdomo wa pango. Fremu ya mawe. "Umetengenezwa na". Na ndani ya fremu, jina la Miwani, jina lake kamili, la baba na la babu. Limekaa katikati kabisa. Nafasi ya kushoto na kulia ni sawasawa. Fremu ile ilikatwa kwa kipimo cha jina lile, kama suti iliyoshonwa kwa mwenyewe.

Nilifikiri amelibadilisha yeye. Nikaangalia tarehe za mafaili kama mkutubi alivyonifundisha. Zote ni za miezi mingi kabla ya zile za disketi ya kaka, kabla hata kaka hajaanza kuugua. Na kidude cha kuzuia kimefungwa tangu siku hiyo. Nikafungua faili la maelezo. Anwani ya kutuma hela ni ya nyumbani kwao Miwani. Nikatafuta shukrani, labda amemtaja kaka. Hakuna shukrani. Nikacheza sehemu ya kwanza yote, vibaya, nikisoma kila neno lililotokea kwenye skrini. Nilimtafuta kaka mle ndani kama mtu anayepekua mfuko uleule akitafuta funguo. Hayumo.

Herufi mbili zilizotokeza nje. Tulizicheka miaka yote hiyo, hakuna aliyejiuliza kwa nini hazikutosha.

Mkutubi aliporudi nilikuwa nimeshazima. "Vipi?" akauliza.

"Imeoza," nikasema. "Haisomeki."

Alinitazama, akatazama mashine. "Pole," akasema.

Disketi iko kwenye mfuko wa aproni yangu. Nikitaka naweza kuitumbukiza kwenye mashine ya kufulia, nyuzi joto za juu kabisa, pamoja na mataulo. Nimesimama pale mbele kitambo. Mwisho nimeweka mataulo peke yake.

Aprili 14

Mama: "Limepatikana?" Nimesema bado.

Aprili 17

Nilikwenda kwa Miwani. Nikaweka disketi mezani. Hakuigusa. Aliutazama ule mwandiko wa muuza disketi.

"Nilikwambia usitafute," akasema.

"Niambie yote."

Akaniambia. Baba alikuwa akienda hospitali kila siku, wanakaa na kaka wanatazama ukuta, hawana la kuongea. Kaka alikuwa anamwambia Miwani kwamba mzee anamtazama kama mtu anayetazama basi lililoshamwacha. Alipopewa ruhusa ya kurudi nyumbani, akaichukua disketi aliyopewa na Miwani, akabadilisha jina, akamwita baba. Kisha baba akataka nakala za kuwapa watu, na kaka akanakili.

"Mimi niligundua vipi? Mtu alinizawadia mchezo wangu mwenyewe. Akaniambia, jaribu huu, umetengenezwa na jirani yenu." Akacheka, kicheko kikavu. "Nikaenda. Nikamwita mwizi. Yuko kitandani, dada, mikono imevimba, na mimi namwita mwizi. Akaniambia, nipe muda, mzee akishazoea kunitazama nitamwambia."

"Hakumwambia."

"Hakumwambia. Siku ya msiba nikafika getini. Baba yenu alikuwa anawapokea watu, anawasimulia mchezo. Ningeingia, ningesema nini?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema baadaye, baba alipofariki, au miaka hii yote. Akasema kwanza ilikuwa hasira, halafu aibu ya kumwita mgonjwa mwizi, halafu ikawa tu kimya, na kimya kikizidi mtu hajui aanzie wapi.

"Mbona kwenye shukrani hukumweka?"

"Sikumweka mtu yeyote. Nilitaka niwe peke yangu pale." Hapo ndipo alipoichukua disketi, akaigeuza. "Ile taa kupungua mwanga, badala ya kuzimika ghafla, lilikuwa wazo lake. Mchezo mzima watu wanakumbuka taa."

Nilikuja nikitaka kumchukia mmoja wao. Nimerudi nyumbani kwenye mvua na sijaweza kumchukia hata mmoja, na haijanipa raha yoyote.

Aprili 19

Nimemwambia mama.

Alikuwa anakunja soksi zisizo na jozi ambazo wateja hawajazifuata. Aliendelea kukunja mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Nani alikutuma kuchimba?"

"Mama, wewe ndiye uliyetaka."

"Mimi nilitaka mwanangu awekwe mezani. Sikusema umfukue."

"Mchezo si wake, mama."

"Maiti hajitetei," akasema. "Mnamwonea kwa sababu hajitetei." Akainuka, akaingia chumbani, akawasha televisheni kwa sauti kubwa. Ile blauzi nimeikuta imerudishwa kwenye sanduku, haijakunjwa, imetupwa tu.

Aprili 21

Nimempelekea mkutubi disketi. Nikamwambia nilimdanganya, inasomeka vizuri kabisa. Nikamwambia pia yale niliyoyasema kuhusu Miwani si kweli.

"Nilijua inasomeka," akasema. "Ulitoka na uso wa mtu aliyesoma."

Miwani naye alikuwepo. Akapendekeza kwenye kadi ya maelezo waongeze mstari mmoja, "wazo la taa ni la", kisha jina la kaka. Mkutubi akaliona jambo zuri, akanitazama mimi.

Nilitaka sana. Mungu anajua nilivyotaka. Lakini mwandiko wa yule marehemu muuza disketi ulikuwa hapo mezani, ya kwanza, isiguswe.

"Iacheni kama ilivyo," nikasema. "Msiongeze kitu."

Aprili 22

Mama hasemi nami.

Aprili 25

Bado. Chakula nikiweka anakula nikishatoka. Mvua imeng'oa bati moja la banda la nyuma.

Mei 2

Maonyesho yamefunguliwa. Foleni ilikuwa kwenye Pango la Chumvi. Watu wazima wa rika langu wanagombania kiti, wanaelekezana, hapo ruka, hapo subiri. Jina la Miwani liliwaka pale kila mchezo ulipoanza upya. Yeye mwenyewe alisimama nyuma kabisa na shati lililopigwa pasi na Mama Pasi, nilimwambia alete bila malipo. Watu walimpa mkono. Alikuwa akinitafuta kwa macho kila anapopewa mkono, kama mtu anayeomba ruhusa.

Mmoja akauliza kwa sauti, "Kwani huu si ulikuwa wa yule kijana aliyekufa?"

Watu wakageuka. Miwani akafungua mdomo. Nikawahi mimi.

"Hapana," nikasema. "Mimi ni dada yake. Huu ni wa rafiki yake."

Nilipofika nje nikalia chini ya mwavuli, nikasubiri uso ukauke, halafu nikakumbuka kwamba kwa hali ya hewa hii hakuna kinachokauka.

Mei 6

Jua limetoka kwa muda wa saa mbili hivi. Tumeanika kila kitu.

Mei 9

Mama amesema. Nilikuwa nafagia chumba chake, akasema akiwa amenipa mgongo, "Ile disketi ya mwanangu iko wapi?"

"Ipo, mama. Maktaba walinirudishia."

"Naitaka. Na huyo mwenzake mwambie aje aniwashie."

"Mama, sidhani ni haki kumwomba yeye."

"Sikukuuliza haki. Nimekwambia umwite."

Mei 12

Amekuja alasiri, amebeba mashine ya zamani ya chuoni kwenye mfuko wa turubai. Alimwamkia mama akiwa ameinama. Mama akaitikia, akamwonyesha meza. Hakumpa pole wala hakumpa lawama. Miwani akaunganisha nyaya, akafuta disketi ya kaka kwa kitambaa laini, akaipuliza, akaitumbukiza taratibu, nami nikasimama mlangoni nikiwa sijui mikono niiweke wapi.

Pango likatokea. Fremu. Jina la kaka, na zile herufi mbili nje ya mawe.

Mama akavaa miwani yake ya kusomea, akasogea mpaka pua ikakaribia skrini. Akaweka kidole juu ya jina.

"Hapa palikuwa na jina lako."

"Ndiyo, mama."

"Lilikuuma?"

"Liliniuma sana."

"Na sasa?"

Miwani akafikiri. "Sasa naliona tu. Aliliandika haraka. Angeniuliza, ningemwonyesha namna ya kupanua fremu."

Mama hakuondoa kidole. Bega lake lilikuwa linapanda na kushuka. Nilipiga hatua nimshike, akasema bila kugeuka, "Na wewe sogea, unanizibia mwanga." Tangu Aprili hakuwa ameniambia neno la kawaida la nyumbani kama hilo, nami nikasogea.

"Nionyeshe unavyochezwa," akamwambia Miwani.

Akamvutia kiti. Akamwekea kidole kimoja kwenye kitufe cha kushoto, kimoja cha kulia, dole gumba kwenye cha kuruka. Mchimbaji akatembea, akagonga ukuta, akarudi. Mama akauliza taa inazimika lini. Miwani akasema, "Polepole, mama, utaona," na akamwambia ni nani aliyetaka iwe hivyo. Mama akatikisa kichwa, akaendelea kubonyeza, mchimbaji akashuka ngazi ya kwanza, ya pili, mwanga ukapungua, akatumbukia shimoni.

"Nimekufa?" mama akauliza.

"Umekufa mara moja tu," akasema Miwani. "Umebakiwa na maisha mawili."